Kosa la Wakili Lisiwe Kaburi la Haki ya Mteja

Barua ya wazi kwa Baraza la Uongozi la Chama cha Mawakili Tanganyika

Waheshimiwa mawakili wasomi,

Kila hati ya madai inayopokelewa na masjala za mahakama zetu ina mambo mawili mwishoni mwake. La kwanza ni uthibitisho, ambapo mteja anatia saini kwamba yaliyoandikwa kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho ni kweli kwa kadiri anavyojua. La pili ni jina na anwani ya aliyeiandaa, kwa kuwa Sheria ya Mawakili inataka mwandishi wa hati ajulikane. Saini ya mteja na jina la wakili hukaa karibu karibu mwishoni mwa hati hiyo. Hati ikiwa na kasoro, anayelipa ni mmoja. Wakili huchukua faili linalofuata. Mteja hurudi nyumbani bila kiwanja, bila mafao yake ya kazi, bila fidia ya mguu uliovunjika, na pengine ameamriwa alipe gharama za upande uliomshinda. Nawaandikia kwa ajili ya huyo anayerudi nyumbani.

Hoja yangu ni moja. Mahakama zetu zimeweka kanuni kwamba, kwa kawaida, kosa la wakili humwangukia mteja wake. Kanuni hiyo ni ya haki kwa sharti moja tu: kwamba mteja aliyebebeshwa kosa hilo ana njia halisi ya kumgeukia wakili na kurudishiwa alichopoteza. Sehemu ya kwanza tunaitekeleza kila siku. Sehemu ya pili imeandikwa katika sheria, lakini njia ya kuifikia imejaa miiba, na miiba mingi kati ya hiyo inaweza kung'olewa na chama chenu bila kusubiri Bunge wala Mahakama. Msipoing'oa, kanuni ile ya kwanza inageuka dhuluma inayofanywa kwa utaratibu mzuri.

Tuanze na sehemu ya kwanza. Katika shauri la Calico Textile Industries, lililoripotiwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba wakili kushindwa kuangalia sheria inasema nini si sababu ya kutosha ya kumruhusu mteja wake akate rufaa nje ya muda. Katika shauri la Umoja Garage dhidi ya Benki ya Taifa ya Biashara, lililoripotiwa mwaka 1997, msimamo ulikuwa uleule. Katika Rufaa ya Madai Namba 1 ya mwaka 2002 Mahakama ililegeza kamba kidogo: kwa kawaida kosa linalotokana na uzembe wa wakili halitoshi, ila yapo mazingira ambapo linaweza kukubaliwa, kwa kutazama bidii aliyoionyesha mteja mwenyewe. Na katika uamuzi wa Lyamuya Construction, Ombi la Madai Namba 2 la mwaka 2010, mwombaji wa muda wa nyongeza alitakiwa aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, aonyeshe kwamba haukupita kiasi, na kwamba yeye hakulala. Siilaumu Mahakama kwa msimamo huo. Upande wa pili nao una haki ya kujua kwamba kesi imekwisha. Wakili aliyekosea alichaguliwa na mteja wake. Hakuchaguliwa na mpinzani, na si haki mpinzani huyo ndiye alipie uchaguzi huo kwa kuburuzwa mahakamani miaka na miaka.

Muda siyo mtego pekee. Mtego ulio karibu zaidi na kalamu ya wakili ni hati yenyewe. Amri ya Sita ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inataka hati ieleze kwa ufupi mambo ya msingi ambayo mdai anayategemea, na pale anapodai udanganyifu au kuvunjwa kwa uaminifu, inataka maelezo mahususi. Amri ya Saba inaitaka mahakama iikatae hati isiyoonyesha sababu ya kudai. Juu ya hayo ipo kanuni ambayo kila wakili anaijua kwa moyo: wahusika wamefungwa na nyaraka zao. Lisilodaiwa kwenye hati halithibitishwi kizimbani, hata shahidi awe mkweli kiasi gani. Hasara mahususi, kama gharama za hospitali au mapato yaliyopotea, lazima itajwe kwa hesabu yake na kuthibitishwa kikamilifu. Mdai aliyeandikiwa tu kwamba amepata hasara kubwa anaweza kushinda kesi na bado asipate shilingi ya matibabu yake. Na tangu uamuzi wa Mukisa Biscuit wa mwaka 1969, uliotolewa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, tunajua kwamba pingamizi la awali hubishaniwa kana kwamba yote yaliyoandikwa na mdai ni kweli. Maana yake ni kwamba kesi inaweza kufa kabla shahidi hata mmoja hajasimama, kwa sababu tu ya kilichoandikwa, au kilichosahauliwa kuandikwa, na wakili mezani kwake.

Wako watakaosema kwamba tatizo hilo lilishatibiwa. Katiba yetu, katika ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria Namba 8, iliyoingiza katika sheria zetu za mwenendo kile ambacho mawakili mnakiita lengo kuu, yaani kumaliza mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Hatua hiyo imewaokoa wengi waliokuwa wamenaswa kwenye makosa madogo ya maandishi. Lakini mwishoni mwa mwaka huohuo, katika shauri la Halmashauri ya Kijiji cha Mondorosi dhidi ya kampuni ya bia ya TBL, Mahakama ya Rufani ilitoa tahadhari kwamba lengo kuu halitumiki kiholela kukanyaga masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Hati isiyo na sababu ya kudai haiokolewi na lengo kuu, na kesi iliyofunguliwa nje ya muda haifufuki. Hati iliyokataliwa inaweza kuandikwa upya na kuwasilishwa tena iwapo siku bado zipo. Kesi iliyopitwa na muda hutupwa, na mlango hufungwa. Sheria ya Ukomo inampa waziri mamlaka ya kuongeza muda wa kufungua shauri, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kwa kipindi kisichozidi nusu ya muda wa awali. Mwananchi wa kawaida hafikii mlango huo, na akiufikia anahitaji wakili wa kumwandikia maombi.

Hapo ndipo sehemu ya pili ya kanuni inapopaswa kuanza kazi. Sheria ipo. Mteja na wakili wana mkataba, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatoa fidia kwa hasara inayotokana na kuvunjwa kwa mkataba. Sehemu yake inayohusu uwakala inamtaka mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine aifanye kwa ujuzi na uangalifu, la sivyo afidie madhara ya uzembe wake. Pia upo wajibu wa uangalifu tulioupokea kutoka sheria ya Uingereza, ambayo tarehe 22 Julai 1920 ndiyo kipimo chake cha kupokewa hapa kwetu. Huko ilikotoka, sheria hiyo imepita safari ndefu. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimpa fidia mjane wa askari wa jeshi la anga aliyeuawa na umeme nyumbani kwake mwaka 1945, kwa sababu mawakili wake waliacha miezi 12 ya kufungua madai ipite. Haikuwa hakika kwamba mjane huyo angeshinda. Mahakama ilisema kwamba nafasi ya kushinda ni mali, na aliyeipoteza anastahili thamani yake.

Mwaka 1967 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya nchi hiyo, lilithibitisha kinga ya wakili wa mahakamani dhidi ya kushtakiwa kwa uzembe wake akiendesha kesi mahakamani. Kisha mwaka 1978 likaja shauri ambalo mzizi wake ulikuwa hati ya madai yenyewe. Abiria mmoja aliumia katika ajali ya gari Machi 1966. Gari jingine liliendeshwa na mke, na mmiliki wake alikuwa mume. Wakili aliandika madai dhidi ya mume peke yake, kwa kutegemea kwamba mke alikuwa akiendesha kwa niaba yake. Hoja hiyo ilipoyeyuka, miaka 3 ya kumdai mke ilikuwa imeshapita, na abiria akabaki hana wa kumdai. Kwa kura 3 dhidi ya 2, malodi waliamua kwamba kinga haimfuniki wakili aliyekosea katika kuandaa nyaraka namna hiyo. Tarehe 20 Julai 2000, katika shauri la Hall dhidi ya Simons, waliiondoa kinga yote katika mashauri ya madai. New Zealand ilifuata mwaka 2006. Australia imeibakiza, lakini mwaka 2016 mahakama yake kuu iliipunguza. Uamuzi wa kigeni hauzifungi mahakama zetu, lakini sababu zilizotolewa hazina uraia: daktari wa upasuaji anashtakiwa, mhandisi wa daraja anashtakiwa, na hakuna hoja ya haki inayomweka mwandishi wa hati ya madai nje ya mstari huo. Isitoshe, hapa kwetu hatuna mgawanyo wa wakili wa ofisini na wakili wa mahakamani. Anayepokea maelekezo, anayeandika hati na anayesimama mbele ya hakimu ni yuleyule.

Sasa naomba tumtazame kwa karibu mteja anayeamua kufuata njia hiyo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa mahindi aliuza mzigo kwa mkopo na hakulipwa. Miezi minne kabla ya miaka 6 ya madai ya mkataba kutimia, alimkabidhi wakili ankara zake na hati za kupokelea mzigo. Hati ya madai iliingia masjala wiki mbili baada ya muda kwisha, pingamizi likawekwa, kesi ikatupwa. Anapata wakili mwingine, naye anaandika: “Mdaiwa, akiwa wakili wa mdai, alifanya uzembe mkubwa na kumsababishia mdai hasara na usumbufu.” Aya hiyo ni ya kweli kabisa, na kisheria haina uzito. Haisemi ni maelekezo gani yalitolewa na lini. Haisemi wajibu ulikuwa upi. Haisemi ni tendo gani lililoachwa, wala ni siku ipi ya mwisho lilipaswa kufanyika. Zaidi ya yote, haijafungua kesi iliyomo ndani ya kesi: kwamba mnunuzi wa mahindi angeshindwa, na kwamba alikuwa na mali ya kulipia. Hati yenye uzito ingetaja tarehe ya kukabidhiwa ankara na idadi yake, siku ambayo muda ulikwisha, siku ambayo hati ilipokelewa, maneno ya uamuzi uliotupa kesi, ushahidi uliokuwepo dhidi ya mnunuzi na uwezo wake wa kulipa. Kisha ingeorodhesha hasara moja moja: bei ya magunia, ada iliyolipwa, gharama alizoamriwa kulipa. Mtu aliyeangushwa na hati mbovu anaweza kusimama tena kwa sharti la kupata hati bora kuliko ile iliyomwangusha, na ataipata kutoka taaluma ileile.

Tena kila jambo linalotakiwa katika hati hiyo bora liko mikononi mwa anayeshtakiwa. Maelekezo yalitolewa kwa mdomo. Ada ililipwa kwa simu, na risiti haikutolewa. Faili liko ofisini kwa wakili. Nakala ya hati ya madai, ikiwa mteja anayo, imeandikwa kwa Kiingereza asichokisoma. Na saa inatembea. Madai yanayotokana na uzembe yana miaka 3 tu, na kwa kawaida muda huhesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Mteja ambaye kesi yake imetupwa kwanza huambiwa kuna rufaa, kisha kuna ombi la kuongezewa muda, kisha kuna mapitio. Anapogundua kwamba tatizo lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa hati yake ya kwanza, miaka 3 imeshateketea, na huenda hata miaka 6 ya mkataba inakaribia ukingoni. Uingereza iliona mtego huu na mwaka 1986 ikatunga sheria inayompa mdai wa uzembe miaka 3 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ana madai, pamoja na ukomo wa mwisho wa miaka 15. Sisi tunahitaji marekebisho ya aina hiyo, na chama chenu kina sauti ya kuyaomba.

Najua majibu yatakayotolewa, na yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba mteja alitia saini mwenyewe. Kweli alitia. Lakini uthibitisho unahusu ukweli wa mambo, hauhusu utoshelevu wa hati kisheria. Mteja anaweza kuthibitisha kwamba aligongwa na basi tarehe fulani. Hawezi kuthibitisha kwamba aya ya 7 inatosha kuonyesha sababu ya kudai dhidi ya mmiliki wa basi. Hilo ndilo alilolipia ada. Na hata ule ukweli wa mambo anaweza kuuthibitisha pale tu anapouelewa. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza katika mazingira maalumu. Maadamu hati nyingi bado zinaandikwa kwa Kiingereza, saini ya mtu asiyekijua haiwezi kugeuzwa ngao ya aliyemwandikia.

Jibu la pili ni kwamba ipo Kamati ya Mawakili, na zipo kanuni za maadili za mwaka 2018. Naziheshimu zote mbili. Lakini kazi ya Kamati ni nidhamu: kufuta jina kwenye Daftari la Mawakili, kusimamisha, kuonya. Wakili akisimamishwa leo, kiwanja cha mteja hakirudi kesho. Nidhamu inalinda taaluma na wateja wajao; fidia inamhusu aliyekwisha kuumia. Tena, wananchi wanapoona mawakili wakiwahukumu mawakili, na wakili wa tatu akikataa kuchukua kesi dhidi ya mwenzake kwa sababu watakutana mahakamani wiki ijayo, wanakumbuka ule msemo wa kesi ya ngedere na hakimu nyani. Huenda wanawaonea wengi walio waadilifu. Namna ya kuwajibu ni kuwafungulia njia wanayoweza kuiona.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote: kwamba mafuriko ya kesi yatawafanya mawakili waandike kwa hofu, wajaze hati kila dai linalowezekana, na wasahau kwamba wajibu wao wa kwanza ni kwa mahakama. Hofu hiyo ililetwa mbele ya malodi saba mwaka 2000, wakaipima, wakaikataa. Walitazama Kanada, ambako kinga haipo, wakaona mahakama za huko hazijazama. Na kipimo cha uzembe chenyewe ni kinga ya kutosha kwa wakili makini. Mahakama yetu ya Rufani imewahi kukiri kwamba mawakili ni binadamu na hukosea. Kuchagua shahidi huyu na kumwacha yule, kuuliza swali hili na kulinyamazia lile, ni uamuzi ambao mawakili wazuri wanaweza kutofautiana, na kutofautiana si uzembe. Kuacha siku ya mwisho ipite, kumshtaki mtu asiye sahihi wakati nyaraka za mteja zinamtaja aliye sahihi, kuomba fidia ya hospitali bila kutaja kiasi wakati risiti ziko ndani ya faili, hayo hayahitaji hekima ya baada ya tukio kuyaona. Wakili anayeandika hati kwa umakini kwa kuogopa kuwajibika anafanya kile ambacho mahakama inakitaka. Na pale mteja aliyeshindwa kihalali anapojaribu kuifufua kesi kwa mlango wa nyuma, sheria inayo tayari zana ya kumzuia, kwa kuwa matumizi mabaya ya mwenendo wa mahakama yanaweza kukatishwa mapema.

Lipo pia jibu la gharama: bima na taratibu zitapandisha ada, na maskini ataumia. Lakini maskini tayari analipa. Analipa kwa kubeba peke yake hasara ambayo ingegawanywa kwa maelfu ya mawakili kupitia bima. Kenya ilitunga kanuni za bima ya dhamana ya kitaaluma kwa mawakili wake mwaka 2004. Uingereza inaitaka kila kampuni ya mawakili iwe na kinga isiyopungua pauni milioni 2 kwa kila dai, au milioni 3 kwa zile zilizosajiliwa kwa dhima yenye kikomo. Viwango hivyo si vyetu na sisemi tuvinakili. Ninachosema ni kwamba hukumu dhidi ya wakili asiye na bima wala mali ni karatasi nyingine tu kwa mteja ambaye tayari ana karatasi za kutosha.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Mosi, kila shauri la madai lianze kwa barua ya makubaliano, kwa lugha anayoijua mteja, inayotaja alichoagiza, ada yake, na, kwa herufi zinazosomeka, siku ambayo muda wa kudai utakwisha. Pili, kabla mteja hajatia saini ya uthibitisho, apewe muhtasari wa Kiswahili unaoeleza anamdai nani, anadai nini na kwa hesabu gani, kisha apewe nakala ya hati iliyopokelewa masjala. Karatasi hizo mbili peke yake zingezuia makosa mengi, kwa sababu mteja ndiye wa kwanza kuona kwamba jina la mdaiwa limekosewa au risiti tatu zimesahauliwa. Tatu, wakili anayegundua kosa lake awajibike kumwambia mteja kwa maandishi na mapema, na kumshauri aende kwa wakili mwingine. Kanuni za mawakili wa Uingereza za mwaka 2019 zinataka uwazi huo mambo yanapoharibika, na si aibu kwetu kuwa nao. Ukimya wa wakili ndio unaoiteketeza ile miaka 3. Nne, bima iwe sharti la kuhuisha cheti cha uwakili, kwa kiwango kinachotangazwa hadharani, na chama kiwe na orodha ya mawakili waliokubali kuchukua madai ya uzembe dhidi ya wenzao, ili mteja asizunguke mji mzima akitafuta mwenye ujasiri.

Hakuna kati ya hayo linalomwondolea wakili heshima yake. Sheria iliyounda chama chenu mwaka 1954 iliwapa kazi ya kuinua viwango vya taaluma, na ikawapa pia kazi ya kuulinda na kuusaidia umma katika mambo yote yanayogusa sheria. Kazi hizo mbili zinakutana hapa. Madaktari hawakupoteza heshima kwa kukubali kwamba mgonjwa aliyekatwa mguu usio mgonjwa ana haki ya kulipwa. Wangeipoteza kwa kulikana hilo. Mteja aliyekatiwa haki yake kwa kalamu anastahili jibu la aina hiyohiyo kutoka kwenu.

Waheshimiwa, mmezoea kuiambia mahakama kwamba kila haki ina nafuu yake. Nawaomba mliseme hilo pia katika mkutano mkuu wa chama chenu, na mlipigie kura. Mteja ametia saini yake kwenye ukurasa ule wa mwisho. Jina lenu lipo papo hapo chini yake. Lisimamieni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi mwenzenu.